Alpaka kwenye ekari 5 za Ohio: aliyezoea mbuzi aanzie wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni Mtanzania, nyumbani ni Kongwa, na mbuzi nimewachunga tangu utotoni. Sasa naishi Ohio. Mwaka huu mimi na mume wangu tumenunua ekari 5 nje kidogo ya Columbus. Nusu ni nyasi, na upande wa nyuma tumepakana na msitu. Tunataka kufuga alpaka. Mume wangu anasema tuanze na dume mmoja na jike mmoja, watazaliana wenyewe. Mimi naona hawa ni mbuzi wenye shingo ndefu tu. Tuanzie wapi, na tujihadhari na nini?"

Dada, jicho ulilotoka nalo Kongwa ni mtaji. Mtu aliyezoea kuhesabu mifugo jioni na kumtambua aliyenyong'onyea kabla hajaanguka ameshajua nusu ya kazi. Ile nusu nyingine ndiyo inayowaua alpaka wa wafugaji wapya, kwa sababu yapo mambo ambayo kwa mbuzi ni ya kawaida kabisa, na kwa alpaka ni hatari. Nitakaa zaidi kwenye hayo. Mengine unayajua tayari.

Alpaka ni wa ukoo wa ngamia. Watu wa milima ya Andes walimfuga kutokana na vikunya, mnyama wa porini, maelfu ya miaka iliyopita, na kwao ni nyanda za juu za Peru, Bolivia na Chile, mita 3,500 hadi karibu 5,000 juu ya usawa wa bahari. Huko jua ni kali, hewa kavu, usiku una barafu, na nyasi ni ngumu zisizo na rutuba kubwa. Shika picha hiyo, kwa sababu Ohio ni karibu kinyume chake: Julai ya mvuke, nyasi laini tele, konokono kila mahali, na majira ya baridi ambayo jua huonekana kama mgeni. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa chini limezaliwa na tofauti hiyo.

Aina ni mbili. Huakaya ndiye mwenye manyoya ya kututumka kama mwanasesere, na ndiye utakayemkuta kwa wingi. Suri ana manyoya yanayoning'inia kama rasta. Anza na huakaya; mgongo wa suri hugawanyika njia katikati, mvua na upepo vikamfikia ngozini.

Mpango wa mume wako

Kwa hili shemeji yangu anisamehe. Dume na jike pamoja ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kuanza.

Kwanza, wawili si kundi. Alpaka mmoja akifa au akilazwa hospitali, anayebaki huacha kula, na mbuzi wa kumliwaza hamsaidii. Watatu ndio mwanzo.

Pili, jike wa alpaka hana siku za joto kama mbuzi. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, kwa hiyo wakati wowote asipokuwa na mimba anaweza kupandwa, na dume analijua hilo. Akiishi naye zizi moja atamsumbua mchana kutwa. Jike akizaa, atamrudia kabla kizazi hakijapona, na hapo ndipo uchafu na maambukizi huingia ndani, baada ya miaka miwili unajiuliza kwa nini hashiki mimba. Mtoto jike naye hatasalimika kwa baba yake.

Kwa hiyo nunueni maksai watatu, yaani madume waliohasiwa. Ni wapole, bei yao ni ya chini kuliko ya majike wa mbegu, na sufu yao ni ileile. Muulize muuzaji walihasiwa wakiwa na umri gani. Mbuzi unamhasi akiwa mdogo na hakuna neno. Alpaka akihasiwa kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi, mifupa ya miguu huendelea kurefuka kupita kiasi, miguu ya nyuma hunyooka kama nguzo, na akizeeka viungo humsumbua. Anaishi miaka 15 hadi 20. Hutaki mguu mbovu wa miaka kumi.

Jihadhari pia na dume aliyelelewa kwa chupa, hata kama ni mtamu na anakufuata kama mbwa. Dume aliyekua akiwadhani watu ni alpaka wenzake, akibalehe huwaona wapinzani wake: atakusukuma kwa kifua, atakuuma, atakuangusha. Tabia hiyo haitoki kwa urahisi. Unayemtaka ni yule anayekutazama kutoka mita mbili na kusita.

Ardhi, uzio na banda

Malisho mazuri ya Ohio hubeba alpaka 5 hivi kwa ekari moja, kwa hiyo ekari zenu mbili na nusu ni nyingi kwa watatu. Zigawe vipande vinne na uwahamishe. Waingize nyasi zikiwa na urefu wa sentimita 20, watoke kabla hazijashuka chini ya 10. Viluwiluwi vya minyoo hukaa sentimita chache za chini za jani. Mnyama anayelamba udongo anakula minyoo.

Uzio wa alpaka haujengwi kumzuia yeye. Mbuzi hujaribu kila tundu; alpaka haruki wala hapandi. Uzio ni wa kuzuia mbwa na koyoti (mnyama wa porini wa Marekani, wa ukoo wa mbwa), na mbwa wa jirani ndiye adui mkubwa zaidi. Tumia wavu wa waya wenye matundu madogo, sentimita 5 kwa 10, urefu wa mita 1.2 hadi 1.5, na waya mmoja wa umeme upande wa nje, chini. Seng'enge usiikaribishe: manyoya hunasa, mnyama huvuta, ngozi huchanika. Wavu wa matundu makubwa nao una kasoro yake, kwani alpaka hupitisha kichwa na shingo kufuata nyasi za ng'ambo na kushindwa kurudi.

Kagua pia bustani ya nyumba. Nyumba nyingi za Ohio zina vichaka vya Taxus (kwa Kiingereza yew), rododendroni na azalia mbele ya madirisha. Vyote ni sumu kali, na matawi yaliyokatwa yakatupwa juu ya uzio kwa nia njema ndiyo huua. Majani ya mcheri yaliyonyauka, kwa mfano baada ya tawi kuvunjwa na dhoruba, ni hivyohivyo.

Banda la kuta tatu linatosha, wazi upande wa kusini, mita za mraba 3 kwa kila mnyama, na paa la juu lenye mwanya wa kupitisha hewa. Baridi yenyewe haimsumbui mtu mzima aliye mkavu; upepo na unyevu ndivyo vinavyomuumiza. Weka umeme bandani tangu siku ya ujenzi, kwa kuwa utahitaji feni Julai na kifaa cha kuzuia maji yasigande Januari.

Jambo moja litakufurahisha: alpaka wana choo chao. Kundi zima hukubaliana sehemu mbili tatu na kwenda huko huko. Zoa angalau mara tatu kwa wiki. Ni kazi ya dakika kumi, na inakata minyoo zaidi ya dawa nyingi. Samadi yake ni nzuri kwa mboga. Ilundike ioze kwanza ndipo uitumie, ili joto liue mayai ya minyoo na vijidudu.

Chakula, na sumu iliyo ndani ya mfuko

Alpaka mzima ana kilo 55 hadi 85, na kwa siku hula chakula kikavu kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Tumbo lake lina vyumba vitatu, si vinne kama vya mbuzi, na hutoa nguvu nyingi kutoka kwenye nyasi duni. Ndiyo maana tatizo la maksai wa Ohio huwa ni unene. Mlisho wake ni nyasi za kawaida na hei ya nyasi kama timothi au orchard, yenye protini asilimia 8 hadi 12. Alfalfa mwachie jike anayenyonyesha au mgonjwa aliyekonda.

Hesabu ya majira ya baridi ni hii. Watatu wa kilo 70 watakula kilo 4 na kitu za hei kwa siku. Ongeza ya kumwagwa na kukanyagwa, fanya 5. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili ni siku 180, sawa na kilo 900. Robota dogo lina kilo 18 hadi 20, kwa hiyo nunua marobota 50, na uyanunue kiangazi kutoka shambani. Anayetafuta hei Februari hulipa bei atakayotajiwa. Usichukue yenye ukungu hata kwa bure.

Chakula cha punje ni cha kubebea madini na vitamini tu, gramu 100 hadi 200 kwa mnyama. Kimwage kwenye hori pana na bapa, kitandazwe. Alpaka akila punje kwa pupa hukabwa: ananyoosha shingo, anakohoa, povu la kijani linatoka mdomoni na puani. Mara nyingi hupita penyewe. Ikizidi saa moja, mpigie daktari.

Sasa shika hili vizuri. Mbuzi huhitaji shaba nyingi, na chumvi za madini za mbuzi huwekewa shaba kwa makusudi. Alpaka huihifadhi kwenye ini hadi siku ini linaposhindwa, na siku hiyo hakuna cha kufanya. Usimpe madini ya mbuzi, usimpe chakula cha mbuzi. Dukani ulizia madini ya alpaka na lama, ya unga, si jiwe la kulamba. Ulimi wake haulambi vya kutosha.

Hatari zaidi ni monensini na salinomisini, dawa zinazochanganywa kwenye baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku. Ng'ombe hunenepa nazo. Kwa alpaka huua misuli, pamoja na ya moyo, na dozi inayotosha ni ndogo sana. Soma lebo ya kila mfuko, na uulize kiwanda kama mashine ileile husaga chakula chenye dawa hizo. Ukiwa na kuku, chakula chao kikae mahali ambapo shingo ndefu haifiki.

Msitu wa nyuma ya nyumba

Msitu wenu unanitia wasiwasi kuliko kitu kingine ulichoandika. Mashariki ya Marekani kulungu wenye mkia mweupe hubeba mnyoo aitwaye Parelaphostrongylus tenuis, anayeishi kwenye utando wa ubongo. Kulungu mwenyewe hadhuriki. Viluwiluwi hutoka kwenye kinyesi chake, huingia ndani ya konokono na koa, na alpaka humeza kakonokono kadogo pamoja na jani. Ndani ya alpaka mnyoo hupotea njia: hutembea ndani ya uti wa mgongo na kuacha tundu nyuma yake. Dalili ya kwanza ni mguu wa nyuma kuburuta au kwato kujikunja (naita kwato kwa mazoea tu, alpaka ana vidole viwili vyenye kucha na nyayo laini). Kisha anayumba, kichwa kinapinda, mwishowe hasimami.

Ukiona hata hatua moja ya ajabu, piga simu siku hiyo hiyo. Tiba ni fenbendazoli, dawa ya minyoo, kwa dozi kubwa siku kadhaa mfululizo pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe, na matokeo hutegemea kama mnyama bado anasimama. Aliyelala chini siku mbili ni nadra kuinuka.

Kinga iliyozoeleka Ohio ni sindano ya ivermektini chini ya ngozi kila siku 30 hadi 45, hasa miezi ya joto na mvua. Inafanya kazi, lakini ina gharama yake: minyoo wa tumboni wanaonja dawa ileile kila mwezi na hatimaye hawaihofu tena. Kwa hiyo ardhi ifanye sehemu ya kazi. Acha ukanda wa mita 10 kutoka msituni bila malisho, uufyeke uwe mfupi na mkavu. Ondoa malundo ya majani na magogo. Ziba madimbwi. Wafugaji wengi wa huko hufuga kanga, wale wale wa kwetu, wadonoe konokono na kupe. Hawatawamaliza, lakini wanapunguza, na kelele zao ni mlinzi wa bure.

Mnyoo wa pili unamfahamu. Haemonchus contortus, mnyonya damu, ndiye huyo huyo wa mbuzi. Kwa mbuzi humwona mnyama akipauka na taya kuvimba; kwa alpaka manyoya huficha yote, anaonekana mnene huku chini ya sufu ni mifupa. Macho yako ya Kongwa hapa yatakudanganya, tumia mkono. Kila wiki mbili weka kiganja mgongoni nyuma kidogo ya mbavu za mwisho. Ukihisi mteremko wa wastani pande zote mbili za uti, yuko vizuri. Ukihisi ncha kali na mabonde, amekonda. Ukihisi meza, amenenepa. Mfunue kope la chini: ndani pawe pekundu au waridi iliyokolea; pakiwa peupe, damu imeisha. Mwenye mizani apime kila mwezi na kuandika.

Usiwape dawa kwa tarehe. Peleka kinyesi cha kila mnyama kikahesabiwe mayai, kisha mtibu anayehitaji, na dozi aiseme daktari, kwa sababu za kondoo zilizoandikwa kwenye chupa mara nyingi hazimtoshi alpaka. Mwambie pia atafute Eimeria macusaniensis. Hii ni koksidia (kimelea kidogo sana cha utumbo) ya ukoo wa ngamia, inakaa zaidi ya mwezi mwilini kabla mayai hayajaonekana kwenye kinyesi, na inaweza kumuua mnyama wakati kipimo bado ni safi. Alpaka anayekonda bila sababu na kipimo kikarudi safi, rudia.

Chanjo ni chache: ya bakteria wa klostridia aina ya C na D pamoja na pepopunda kila mwaka, na ya kichaa cha mbwa, kwani Ohio kuna rakuni na popo. Mna bahati moja: Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, hapo hapo Columbus, kina hospitali ya mifugo yenye uzoefu mkubwa na ukoo huu. Jiandikisheni kwa daktari kabla hamjanunua mnyama. Madaktari wengi wa mbwa na paka watawakatalia usiku wa dharura kama hawajawahi kuwaona.

Joto na baridi

Watu huogopa Januari. Julai ndiyo huua. Tumia hesabu hii: chukua joto la Farenhaiti, jumlisha asilimia ya unyevu. Chini ya 120 hakuna shaka. Kati ya 120 na 180 kuwa macho, na ikipita 160 washa feni na uache kuwasumbua: hakuna kuwapakia garini, hakuna kukata kucha. Juu ya 180 ni hatari. Siku ya nyuzi 90 na unyevu wa asilimia 75 ni 165, yaani siku ya kuwasha feni.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 99.5 hadi 102 za Farenhaiti. Anayehema mdomo wazi, mdomo wa chini umelegea na mate yanatoka, mpime. Ikifika 104 ni dharura. Mwagie maji baridi tumboni, ndani ya mapaja na miguuni, mbele ya feni. Usimmwagie mgongoni akiwa na manyoya marefu: sufu iliyolowa juu inakuwa blanketi la mvuke, na joto linabaki ndani. Alpaka hupoteza joto kupitia tumbo na makwapa, sehemu zisizo na manyoya mengi.

Baridi ni fupi kuielezea. Maji ya vuguvugu yasiyoganda, hei ya kutosha, matandiko makavu. Lakini kuna vitamini D. Ngozi yao imezoea jua la mita 4,000, na Ohio kuanzia Novemba hadi Machi halitoshi. Wadogo wa chini ya miaka miwili huathirika zaidi, na wenye rangi nyeusi zaidi ya weupe: ukuaji husimama, mgongo hujikunja, miguu hupinda. Daktari hutoa sindano kila wiki 6 hadi 8 za msimu huo. Usiongeze mwenyewe kwa kudhani ikizidi ni afya. Vitamini D ikizidi huharibu figo.

Kumshika, kucha, meno

Alpaka hakamatwi kwa kukimbizwa. Jenga kijizizi cha mita 3 kwa 3 ndani ya malisho, uwalishe punje humo kila siku, na siku ya kazi funga mlango tu. Mshike shingo karibu na kichwa kwa mkono mmoja, mwingine juu ya mgongo.

Hatamu ina kosa moja kubwa. Mfupa wa pua wa alpaka ni mfupi, mbele yake ni gegedu laini, na yeye hupumulia pua karibu wakati wote. Mkanda wa puani ukishuka mbele unaziba hewa, naye atajitupa chini na kugaragara, watu wakasema ni mkaidi. Mkanda ukae juu, karibu na macho, juu ya mfupa. Usimwache malishoni na hatamu.

Kucha zikatwe kila miezi miwili au mitatu. Meno ya mbele yapo chini tu na hukutana na ufizi mgumu wa juu. Yakirefuka nje, mnyoaji huyasawazisha siku ya kunyoa. Madume huota chonge wakifika miaka miwili au mitatu, makali kama kisu, nazo hukatwa. Kuhusu mate: hutemeana wao kwa wao wakigombea chakula. Wewe utapigwa ukisimama katikati.

Kunyoa, na ukweli wa pesa

Ananyolewa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Aprili au Mei. Ukisubiri Julai umemchelewesha kwenye joto, na pia hatakuwa na manyoya ya kutosha Desemba. Mnyoaji huweka nafasi tangu Januari, na kwa wanyama watatu jirani mwenye kundi kubwa anaweza kukuunganisha kwenye siku yake. Alpaka hunyoshwa sakafuni, miguu ya mbele na nyuma ikifungwa kamba. Ukiiona mara ya kwanza utashtuka, lakini anayejua kazi humaliza kwa dakika zisizofika kumi na hakuna kidonda. Usiku wa kuamkia walale bandani, kwani sufu iliyolowa haikatiki vizuri na ikiwekwa mfukoni huota ukungu.

Tenga mafungu matatu palepale: ya mgongo na mbavu, iliyo nyembamba na bora, ya shingo na mapaja, na ya miguu na tumbo. Toa nyasi na nywele ngumu kwa mkono juu ya meza ya wavu. Kila mnyama hutoa kilo 2 hadi 4, na haina mafuta kama ya kondoo.

Mapato hayo hayatalipa hei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alpaka wa mbegu Marekani waliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, kwa sababu kila mnunuzi alitegemea kumuuzia mnunuzi mwingine. Baada ya 2008 soko lilianguka na wengi walibaki na makundi yasiyouzika. Leo anayepata kitu ni yule anayeuza uzi uliosokotwa, soksi, na ziara za shambani. Mkisikia pia juu ya nafuu ya kodi ya ardhi ya kilimo ya Ohio, CAUV, fahamuni kwamba shamba lisilofika ekari 10 linatakiwa kuonyesha mapato ghafi ya wastani wa dola 2,500 kwa mwaka. Maksai watatu peke yao hawawafikishi huko; bustani ya mboga inayotumia samadi yao inaweza kusaidia.

Mkitaka watoto baadaye

Baada ya miaka miwili ya kuwazoea, nunueni majike wawili waliothibitishwa kuwa na mimba, na dume mlipie huduma tu. Jike hupandishwa akifika miezi 18 na uzito wa kilo 45 au zaidi. Hupandwa akiwa amelala kifudifudi, dakika 15 hadi 30, dume akiguruma kooni muda wote. Wiki mbili baadaye mletee dume tena: akimtemea mate na kukimbia, huenda ameshika mimba, akilala, hakushika. Daktari athibitishe kwa utrasaundi.

Mimba ni miezi 11 na nusu, mtoto mmoja, kilo 6 hadi 8, na karibu kila mara huzaliwa asubuhi hadi mchana. Jike anayesukuma usiku ana tatizo. Mtoto asimame ndani ya saa 2, anyonye ndani ya saa 4, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 6. Dang'a ndiyo kinga yake yote. Asipopata sawa na asilimia 10 ya uzito wake siku ya kwanza, ugonjwa wowote utamchukua. Pima damu yake siku ya pili kuona kama kinga hiyo imeingia, na mzani kila asubuhi kwa wiki mbili. Pangeni azaliwe Mei au Juni, apate jua la kutosha kabla ya baridi. Ataachishwa kunyonya akiwa na miezi 6.

Siku ya kununua

Nendeni Septemba, joto likishapungua. Mwone mnyama akitembea kutoka nyuma, pitisha mkono mgongoni, funua kope, tazama meno. Ombeni rekodi za chanjo na hesabu ya mayai ya minyoo, na kipimo cha BVD, kirusi cha ng'ombe ambacho alpaka anaweza kukibeba tangu tumboni mwa mama yake na kukisambaza maisha yake yote. Muuzaji anayesema "hawa wangu hawana minyoo" bila karatasi, mshukuruni mwondoke.

Ndani ya gari watalala chini wenyewe. Wekeni zulia, madirisha wazi, bila kuwafunga kamba. Chukueni kwa muuzaji marobota mawili ya hei waliyoizoea na muichanganye na yenu kwa siku kumi, kidogo kidogo. Siku tatu za mwanzo wabaki kwenye kijizizi na banda, wajue maji yako wapi. Na ile siku ya kwanza, chukueni koleo moja la samadi kutoka kwenye choo chao cha zamani, mlimwage mnapotaka choo kipya kiwe. Watanusa, watapanga foleni, na mtakuwa mmeokoa wiki nzima ya kuzoa kila kona.